Kilichokuwa Nyuma ya Kuponi

Poda iliyomuua mke wangu ilikuwa inachekesha. Hilo ndilo watu hawataki kunielewa mpaka leo. Wanadhani sumu huja na picha ya fuvu. Ya kwetu ilikuja na tangazo la jaridani, picha ya mzee mnene kakaa kitini, vibwengo kumi wamemzunguka kichwa na nyundo, kila mmoja anagonga, na mkewe anaingia mlangoni na sinia. Juu ya sinia kikaratasi kimoja tu cha Poda za Allardine, na vibwengo wale wanatimua mbio wakikanyagana. Hester alicheka mpaka akashika ubavu. Akaikata picha ile akaibandika jikoni, juu ya karo, na ikakaa pale miaka miwili ikimtazama akiosha vyombo.

Wiki nyingine walileta kikongwe. Kafunga kichwa kwa kitambaa cha siki, pua imechongoka, na paka wake anatoka dirishani kwa harufu. Chini yake wameandika: "Na wewe bado unamfuata bibi yako?" Sasa Hester, kichwa kikimuuma, alikuwa anafunga kitambaa cha siki, kama mama yake na mama wa mama yake. Picha ile aliicheka kama zile nyingine. Halafu akakivua kitambaa, na sikumwona nacho tena.

Aliyekuwa analeta jarida lile nyumbani ni mimi. Nalisema mwenyewe kabla mtu hajaniambia. Miaka kumi na tisa nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa jarida la vichekesho lililoitwa Kengele, hapa hapa Leeds, na kila Alhamisi mfanyakazi alipewa nakala yake bure.

Kazi yangu haikuwa ya kusoma. Wengine walipanga herufi za madini ya risasi. Mimi nilizikusanya kurasa zao juu ya meza ya jiwe, nikazibana ndani ya fremu ya chuma kwa kabari na nyundo, nikazibeba mpaka mashineni. Shule niliiacha nina miaka tisa. Kusoma nilijifunzia pale mezani, ambako kila neno limepinduka kama kwenye kioo. Lakini kuna jambo moja nililijua kuliko wote mle ndani, wenye tai na wasio na tai: ukurasa gani unalala mgongo kwa mgongo na ukurasa gani.

Kila pakiti ya poda ilizungushiwa stempu, kikaratasi kirefu chenye taji na maneno ya serikali. Ilikuwa lazima ukipasue ndipo ufungue. Hester alikuwa anakipasua taratibu, kwa heshima, kama mtu anayefungua barua kutoka kwa mfalme.

"Enoch," alikuwa ananiambia, "hawa wangebandika karatasi yao kwenye kitu kibaya?"

Nami nilikubali. Mtaa mzima wa Hunslet ulikubali. Nani ambaye angefikiri vingine?

Alianza na poda moja kwa wiki. Ikawa moja kwa siku. Ikawa tatu. Midomo yake ikageuka rangi ya wino, naye akanitania kwamba amekula zambarau bila kunibakizia. Jumatatu moja, siku ya kufua, nilimkuta ameinamia beseni, mikono yote miwili ndani ya maji ya sabuni, na maji yameshapoa.

Daktari aliandika "moyo". Mchunguzi wa vifo akasema hakuna haja ya kumsumbua marehemu. Nikampata mtu akaniandikia barua kwa mbunge wetu, na baada ya wiki sita nikajibiwa mistari mitatu, iliyochapwa vizuri kabisa, kunishukuru kwa maoni yangu kuhusu reli.

Ukweli wa stempu niliupata kwa bahati. Bwana Lumley, wakala aliyekuwa analeta matangazo ya Allardine, alisimama na mwenye jarida letu, Bwana Thwaite, hatua tatu kutoka mezani kwangu. Watu kama wale hawamwoni mtu aliyeshika nyundo.

"Ni ushuru tu," Lumley alikuwa anasema, machozi ya kicheko yanamtoka. "Ushuru wa dawa, kama wa tumbaku! Hakuna mtu serikalini aliyewahi hata kuionja. Lakini wao wanadhani ni cheti. Thwaite, ndugu yangu, serikali inatutangazia bure!"

Na Thwaite akacheka pia.

Sasa niseme habari ya Lettice, binti yetu, maana yote niliyofanya niliyafanya kwa ajili yake. Mwaka ule wa 1908 alikuwa na miaka ishirini na miwili, anashona suti kiwandani, mashine arobaini ndani ya chumba kimoja. Jioni moja aprini yake ilianguka kutoka kwenye msumari, na kikaratasi kikatoka mfukoni.

"Lettie, hii nini?"

"Pipi."

"Pipi yenye stempu?"

"Baba, usianze."

"Mama yako..."

"Mama alikufa kwa moyo. Daktari kaandika. Wewe ni daktari? Wewe unapiga vyuma nyundo."

"Midomo yake ilikuwa buluu."

"Na yangu je?" Akanisogezea uso kwenye taa, kaibinua midomo kama mtoto. "Haya, tazama. Ya waridi. Ungekaa wewe na mashine arobaini kutwa nzima, ungeila hiyo poda na karatasi yake."

"Ni sumu, mwanangu. Ile stempu ni ushuru tu."

"Serikali ichukue ushuru wa sumu, ikae kimya? Serikali ya wapi hiyo, baba, ya Wafaransa?" Akaokota kikaratasi chake. "Nisikilize. Neno moja tena juu ya poda, nahamia kwa Nell Barraclough. Kitanda chake kina nafasi. Na baba yake hanuni kama mlango wa jela."

Angehama kweli. Ni mtoto wa Hester. Basi nikafunga mdomo, na wiki zikapita. Jumapili moja alikuwa anamenya viazi dirishani, nikaona kucha zake. Zilikuwa na buluu mashinani, mstari mwembamba kama wa penseli. Sikusema kitu. Akihamia kwa Nell Barraclough, nani ataziangalia zile kucha?

Ndipo wakaja na kuponi. Ukikata ile kuponi ukurasa wa kumi na sita, ule wa mwisho, wa Kengele, ukaandika jina lako ukaituma, unaletewa poda arobaini bure. Arobaini! Nusu ya wasichana wa kiwanda cha Lettie walikuwa wanahesabu siku.

"Usinisahaulie jarida langu Alhamisi, baba."

Ningesema nimesahau, angelinunua kwa peni moja kwenye kona yoyote. Hilo halikuwa dawa. Lakini nilijua kitu ambacho Lumley hakukijua, wala Thwaite: nyuma ya ukurasa wa kumi na sita kuna wa kumi na tano, na wa kumi na tano ulikuwa wa Bwana Pomfret.

Pomfret ndiye aliyetunga vichekesho. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kikohozi, aliyejipenda kama jogoo. Ukutani kwake palibandikwa orodha kutoka kwa Lumley ya mambo yasiyoruhusiwa kuchekwa ndani ya Kengele: daktari, dawa, mgonjwa, kaburi. "Wamenibakizia mama mkwe na kasisi," alikuwa analalamika. "Na mama mkwe wangu mwenyewe ameshaanza kununa."

Nilipima kwa rula. Mgongoni mwa kuponi, sawasawa, pangekuwa na kichekesho cha kasisi: mistari minne. Lettie akikata kuponi, ile mistari ingekuwa mkononi mwake, atake asitake. Mimi hanisikilizi. Lakini kichekesho anakisoma hata kikiwa kwenye karatasi ya kufungia nyama.

Nilikitunga siku tisa, kichwani, nikiwa natembea kwenda na kurudi kazini. Jumatano mchana, wenzangu walipotoka kwenda kula, nikalegeza fremu, nikamtoa kasisi, nikapanga yangu, herufi moja moja, na mbili zikadondoka sakafuni. Ilikuwa hivi:

MTEJA: Stempu hii ya serikali juu ya dawa ina maana gani?
MUUZAJI: Kwamba serikali imeshachukua chake, mama. Aliyebaki kuchukua chake ni mchimba kaburi.

Nikakaza kabari. Nikamtia kasisi mfukoni, mistari minne ya risasi, mizito kama funguo za kanisa.

Saa nane Bwana Lumley akaja. Kwenye wiki za kuponi alikuwa haachi mashine iende mpaka aone mwenyewe, kwa sababu karatasi yetu ilikuwa nyembamba, na wino wa nyuma ukipenya kwenye kuponi watu hawana pa kuandika jina. Nakala ya majaribio ilikuwa ndiyo kwanza inatoka, pande zote mbili mbichi. Naye alivaa glavu za ngozi, rangi ya siagi.

"Ishike wewe, Sugden," akasema. "Wewe mikono yako imeshaharibika."

Nje ukungu ulikuwa umeziba madirisha. Nikaipeleka chini ya taa ya gesi, nikaishika kwa pembe mbili, kuponi ikimtazama yeye na nyuma ikinitazama mimi. Maneno yangu mwenyewe, shubiri mbili kutoka puani kwangu.

"Naona kivuli."

"Ni ubichi, bwana. Ukikauka utatulia."

"Mm." Akasogea. "Na nyuma yake pana nini? Sitaki maiti mgongoni mwa kuponi yangu. Kuna mahali waliniwekea tangazo la majeneza."

"Kichekesho tu, bwana. Cha Bwana Pomfret."

"Kisome."

Nikayatazama maneno ya mchimba kaburi, na nikamsoma kasisi.

"Kasisi kijana anamwuliza kikongwe: 'Mahubiri yangu ya Jumapili yalikusaidia, mama?' Kikongwe anajibu: 'Sana, mchungaji. Nilikuwa sijapata usingizi tangu Jumapili ya kabla yake.'"

Lumley hakucheka. Aliinamisha kichwa, jicho moja kafumba, anajaribu kusoma kupitia karatasi, kinyumenyume. Nilisikia gesi ikivuma.

"Neno gani lile la mwanzo?" akauliza. "Kubwa kubwa lile."

"KASISI, bwana."

"Mbona naona kama fupi?"

"Gesi hii, bwana. Inafinya kila kitu."

Akanyoosha mgongo. Akanitazama, na nikafikiri, basi, imekwisha. Kumbe kicheko kilikuwa njiani. "Tangu Jumapili ya kabla yake!" akasema, akajipiga paja kwa glavu. "Kama mchungaji wetu kabisa. Pigeni mashine."

Mashine ikapigwa. Nilihisi sakafu inatetemeka chini ya viatu, karatasi zinaruka kama njiwa, mia, mia tatu, mia sita. Nikachomoa moja, ya Lettie, nikaikunja ndani ya fulana. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu ya kufua nilivuta pumzi ikafika chini.

Kumbe nilimsahau Pomfret. Miaka kumi na tisa nimemwona akishuka ngazi mashine ikianza, anachukua karatasi moja ya moto, anasoma vichekesho vyake mwenyewe na kuvicheka. Kila wiki. Na siku ile mimi, mwerevu, nikamsahau.

"Kasisi wangu yuko wapi?"

Akaitikisa ile karatasi.

"Nauliza! Kasisi wangu! Nani kamtoa kasisi wangu?" Kikohozi kikampanda. "Hapa pana mchimba kaburi! Mimi sijaandika mchimba..." Akanyamaza, akasoma. Nikamwona anapambana na uso wake, na uso ukamshinda: akacheka, kicheko kimoja kikavu kama mbweko. "Nzuri," akasema polepole. "Nzuri sana, kwa kweli. Lakini si yangu."

Lumley alikuwa bado yuko mlangoni, anafunga vifungo vya koti. Akarudi. Akaichukua karatasi kwa glavu zake za siagi, akasoma, na glavu zikapata wino.

"Simamisha," akasema. Halafu akapiga ukelele: "Simamisha hiyo mashine!"

Thwaite akashuka ngazi, kitambaa cha chakula bado kifuani.

"Pomfret, hii ni kazi yako?"

"Ingekuwa yangu ningeidai, bwana."

"Orodha unayo ukutani! Unajua mkataba unasemaje? Neno moja dhidi ya dawa, mahali popote ndani ya jarida, na hawa wanaondoka na ukurasa wao. Kusanya vitu vyako."

Pomfret akageuka rangi ya karatasi. Nilifungua mdomo, lakini Lumley alinitangulia.

"Si yeye. Ni huyu." Kidole cheusi cha glavu kikanielekea. "Huyu alinisomea kasisi. Alinishikia karatasi hii usoni, akanisomea kitu ambacho hakimo!"

"Ni kweli, Sugden?"

"Ni kweli, bwana."

"Kwa nini, bwana wewe? Ukurasa wa mwisho ndio unaokulisha. Miaka yote hii!"

"Ulimlisha na mke wangu, bwana."

Thwaite alitazama kucha zake. Hata ufidhuli hakuwa nao, ndiyo shida ya watu hawa; angekuwa nao, ungepata pa kushika. "Pole kwa mke wako," akasema. "Chukua kikombe chako uende."

Wakarudisha kasisi kutoka mfukoni mwangu. Karatasi zangu zote, kama elfu moja hivi, wakazitia tanuri la boila mbele ya macho yangu, na Lumley akasimama pale mpaka ya mwisho ikaungua. Pomfret alinipitia mlangoni, akanong'ona: "Serikali imeshachukua chake. Laiti ningelifikiria mimi." Kisha akapanda ngazi kurudi kwa mama mkwe.

Lettie alirudi saa kumi na mbili na nusu, anabana macho kwa maumivu, akanikuta nimekaa mezani.

"Mapema leo."

"Mapema." Nikamsogezea ile karatasi.

"Ni Jumatano!" Uso ukamfunguka. "Baba! Umeniletea kabla ya Nell!" Akachukua mkasi palepale na kofia bado kichwani.

Alikata bila kusoma. Mkasi ulizunguka ile kuponi taratibu, nami nikaukodolea macho kama paka. Akailaza mezani, uso juu. Akachovya kalamu. *Lettice Sugden*, akaandika. Akaandika mtaa. Akaandika namba ya nyumba. Bahasha alikuwa nayo tayari, yenye stempu ya posta, na mimi nimekatazwa kusema neno moja. Nilikalia mikono yangu.

"Karatasi gani hii," akasema, "inakunywa wino kama mlevi." Akaigeuza ili aikaushe.

Nikaona macho yake yanatembea. Mstari wa kwanza. Wa pili.

Akacheka. Ilikuwa ni Hester mtupu, mkono ubavuni na kila kitu. Kisha kicheko kikakatika katikati, kama uzi.

"Pomfret kapata akili lini?"

"Si Pomfret."

Akanitazama. Akatazama aprini yangu iliyokunjwa mezani, na kikombe juu yake.

"Hiki kikombe chako cha kazini."

"Ndiyo."

"Kimefuata nini nyumbani?"

Akavua kofia polepole, akaketi, kuponi bado mkononi.

"Ni kweli, baba? Ni ushuru tu?"

"Ni ushuru tu."

"Nani kakwambia?"

"Wao wenyewe. Walikuwa wanacheka."

Aliilaza kuponi mezani. Kisha akazinyoosha kucha zake chini ya taa, kidole baada ya kidole, na nikajua kwamba hakuwa anaziona kwa mara ya kwanza.

"Kichwa kinanipasuka sasa hivi," akasema. "Na kesho lazima niende kazini, sasa anayeleta mshahara ni mimi peke yangu."

Mkono wake ukaenda mfukoni mwa aprini yake. Nilisikia kikaratasi kikilia. Alikitoa akakiweka mezani kati yetu, na stempu yake nzima haijapasuliwa. Maji yalikuwa yanachemka kwenye birika, yakachemka mpaka yakamwagikia jikoni, na bado tumekaa.

Mwishowe aliinuka, akafungua kabati, akachukua chupa ya siki ninayotilia samaki wangu. Akararua kipande cha shuka la zamani, akakilowesha, akajifunga kichwani, fundo juu ya jicho la kushoto kama alivyokuwa anafunga bibi yake. Chini ya kile kitambaa pua yake ilionekana imechongoka kweli.

"Usicheke," akasema.

"Sicheki."

"Nanuka kama samaki wa Ijumaa."

"Unanuka vizuri."

Kikaratasi alikitia jikoni, kwenye moto. Kuponi hakuitia. Asubuhi nilimwona akiiweka ndani ya kibati chake cha sindano, upande wa nyuma juu, akaenda nayo kiwandani kwa Nell Barraclough na wale wengine. Siku hiyo Kengele ikatoka na kasisi wake, kila kona, peni moja.